Namna ya Kuanza Kuisoma Historia ya Wampondo

Anayetaka kuifahamu historia ya Wampondo na aanze na mito kabla ya kuwafikia wafalme. Nchi yao, ambayo Waingereza waliiita Pondoland, ipo pwani ya jimbo la Rasi ya Mashariki nchini Afrika Kusini, baina ya Mto Mtamvuna na Mto Mthatha, na katikati yake hupita Mto Mzimvubu unaoingia baharini pale Port St Johns. Ukiuchora Mzimvubu kwenye karatasi, umekwisha kuuchora pia mgawanyiko wa kifalme: mashariki yake ni himaya ya Qaukeni, karibu na Lusikisiki, na magharibi yake ni Nyandeni, iliyoanzishwa na Ndamase, mwana wa Mfalme Faku; Ndamase ndiye aliyevuka mto pamoja na watu wake. Kwa hiyo kila simulizi unayoipata, iandikie kando imetoka ng'ambo ipi.

Usiwachanganye na Waxhosa. Shuleni Wampondo husoma kwa isiXhosa, lakini nyumbani huzungumza isiMpondo na huwa na ufalme wao wenyewe. Msomaji wa Kiswahili ana wepesi fulani hapa, kwa kuwa maneno kama inyama na ukufa hayahitaji mkalimani.

Ukizungumza na wazee, uliza kwanza isiduko, yaani jina la ukoo linalotokana na babu wa kale. Kwa jina hilo mtu husalimiwa kwa heshima, kwa jina hilo hujulikana nani hawezi kumwoa nani, na mwanamke huendelea kuitwa kwa ukoo wa baba yake hata baada ya kuolewa. Ukoo wa kifalme ni Nyawuza. Mtafiti anayeandika majina ya kwanza tu bila iziduko (wingi wa isiduko) atarudi na daftari lisilo na faida kubwa.

Masimulizi ya asili husema kwamba Mpondo na Mpondomise walikuwa pacha, na kwamba walifarakana baada ya Mpondo kuua simba na kukataa kuitoa ngozi, ambayo ilikuwa haki ya mkubwa. Usiulize kama simba yule alikuwepo. Uliza simulizi hiyo inampa nani ukubwa, kisha isikilize tena kutoka kwa Wampondomise. Kwa tarehe, tegemea maandishi ya wageni kwa tahadhari: manusura wa meli ya Kiholanzi Stavenisse, iliyovunjika mwaka 1686, tayari waliwataja watu hawa kwa jina lao.

Utawala wa Faku, aliyefariki mwaka 1867, ndio unaostahili muda wako mwingi zaidi. Majeshi ya Shaka yalimpokonya ng'ombe wengi mwaka 1828, naye akawakusanya watu wake, akahimiza kilimo, akawapokea wamisionari wa Kimethodisti, na mwaka 1844 akatia sahihi mkataba na Waingereza. Husimuliwa pia kuwa ndiye aliyeikomesha jando. Hata hivyo, tohara imerejea katika sehemu nyingi za nchi hiyo, hivyo anayeandika kwa mkato kwamba Wampondo hawatahiri anaandika habari za karne iliyopita.

Koloni la Rasi, lililokuwa la Waingereza, liliitwaa nchi hiyo mwaka 1894, na tangu hapo historia yake haisomeki bila migodi ya dhahabu. Tafuta habari za joyini, mpango ambao kijana alipewa ng'ombe kwanza, kisha akaenda mgodini kulipa deni kwa kazi. Kwa njia hiyo mshahara ulibaki nyumbani kama mifugo, mikononi mwa baba, badala ya kupotelea mjini. Kwa maisha ya nyumbani ya miaka ya 1930, msome Monica Hunter, mwanaanthropolojia ambaye baadaye, akiitwa Monica Wilson, alitafiti miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe. Kuzilinganisha kazi hizo mbili ni zoezi zuri kwa Mtanzania.

Kilima cha Ngquza kisikupite. Tarehe 6 Juni 1960 polisi waliwaua watu 11 waliokusanyika hapo kupinga mamlaka za kikabila zilizowekwa na serikali ya ubaguzi, pamoja na kodi na mpango wa kuwahamisha watu na kuwapunguzia mifugo. Mwaka 2012, wachimbaji waliogoma katika mgodi wa platini wa Marikana, wengi wao wakiwa wametoka Mpondoland, nao walikusanyika kilimani, na kufanya hivyo hakukuwa jambo geni kwao.

Mwisho, soma hukumu ya mwaka 2018 kuhusu Xolobeni, ambako jamii ya Amadiba ilipinga uchimbaji wa titani katika ardhi yake. Mahakama iliamua kwamba leseni haiwezi kutolewa bila ridhaa ya jamii, na ndani ya hukumu hiyo utakuta maelezo ya wenyeji kuhusu jinsi maamuzi ya ardhi yanavyofikiwa kwa mila yao.