Somo: Kujaza fumbo la maneno kwenye karatasi na kwenye skrini

Wanaouliza kama fumbo la maneno linajazwa vizuri zaidi kwenye karatasi au mtandaoni mara nyingi hulinganisha starehe tu, yaani utulivu wa gazeti na wepesi wa simu. Tofauti yenye uzito ni gharama ya kukosea. Kwenye karatasi herufi isiyo sahihi hukaa kimya mahali pake na kuyaharibu maneno jirani kabla hujaigundua, ilhali kwenye skrini unaifuta kwa mguso mmoja, na programu nyingine hukuonyesha kosa papo hapo. Ndiyo maana mpangilio wa kazi haufai kuwa uleule katika njia zote mbili.

Hatua ya 1: Lichunguze jedwali kabla ya kusoma vidokezo

Angalia kama kila herufi imo katika neno la Kulia (linalosomwa kutoka kushoto kwenda kulia) na pia katika neno la Chini (linalosomwa kutoka juu kwenda chini). Katika majedwali ya mtindo wa Marekani, ambayo magazetini kwa kawaida huwa na miraba 15 kwa 15 siku za wiki na 21 kwa 21 Jumapili, kila herufi hupitiwa na maneno mawili, kwa hiyo unaweza kuthubutu kukisia ukijua kwamba maneno yanayokatiza yatakusahihisha. Katika mtindo wa Uingereza karibu nusu ya herufi za neno hazikatizwi na neno lolote, na mtu anaweza kuandika jibu lisilo sahihi kwenye karatasi asigundue mpaka suluhisho litakapochapishwa. Kwa maoni yangu, jedwali la namna hii ndilo linalostahili penseli kuliko jingine lolote.

Hatua ya 2: Pitia vidokezo vyote mara moja, kwa haraka

Jaza yale tu ambayo huna shaka nayo. Karatasi hurahisisha kazi hii kwa sababu jicho linaona orodha nzima. Simu hukuonyesha kidokezo kimoja kwa wakati mmoja, na matokeo yake ni kwamba watu hung'ang'ania namba 1 kana kwamba ni lango lisilo na njia nyingine ya kuingilia. Fungua mwonekano wa orodha kama upo. Kwenye kompyuta, kitufe cha Tab katika programu nyingi hukupeleka kwenye kidokezo kinachofuata.

Hatua ya 3: Itumie sarufi kabla ya kutumia kumbukumbu

Hapa ndipo fumbo la Kiswahili linapokuwa na ukarimu wake. Kidokezo kilichoandikwa kwa wingi huhitaji jibu la wingi, na ukijua ngeli mara nyingi umekwisha kupata herufi za mwanzo. Kidokezo "Kuondoa maganda" kinadai kitenzi, kwa hiyo KU inaweza kuandikwa hata kabla ya KUMENYA kukujia akilini. Zaidi ya hayo, ukiacha vifupisho, majina ya watu na mahali, na maneno machache ya mkopo, neno la Kiswahili huishia kwa irabu. Kwenye karatasi weka nukta ndogo katika mraba wa mwisho wa kila neno. Ikiwa neno linalokatiza linakuletea konsonanti katika mraba wenye nukta, lishuku hilo kwanza.

Hatua ya 4: Shaka iandikwe kama shaka

Chukua kidokezo "Chombo cha baharini chenye tanga", herufi sita. JAHAZI linaingia, na MASHUA nalo linaingia. Ukipata A katika mraba wa pili hujapata kitu, kwa maana maneno yote mawili yana A hapo. Sasa utazame mraba wa nne, ambao unadai A kwa jibu la kwanza na H kwa jibu la pili. Tuseme mraba huo ndio mwisho wa neno la Chini lenye herufi tano, ambalo kidokezo chake ni "Kifaa cha seremala cha kulainishia mbao". H haiwezi kufunga neno hilo, kwa hiyo umekwisha kuchagua JAHAZI hata kama RANDA bado halijakujia.

Kabla ya kufikia uamuzi huo, kwenye karatasi andika A na H kwa udogo katika pembe mbili za mraba, bila kukandamiza. Penseli laini ndiyo inayofaa, kwa sababu karatasi ya gazeti huchanika upesi chini ya kifutio. (Jambo hili lilieleweka mapema: Arthur Wynne, anayehesabiwa kuwa mbunifu wa fumbo la maneno, alichapisha fumbo lake la kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na kitabu cha kwanza cha mafumbo haya kilipotoka New York mwaka 1924 kiliuzwa kikiwa na penseli yake.) Kwenye skrini, tafuta kitufe cha penseli, ambacho huandika herufi kwa rangi hafifu. Kama programu haina kitufe hicho, acha mraba wazi, kwa kuwa herufi ya kubahatisha iliyochapwa kwa wino uleule wa herufi ya hakika itakudanganya baada ya dakika chache.

Hatua ya 5: Zima ukaguzi wa papo hapo

Programu nyingi zina vitufe vya kukagua na kufichua herufi, neno au jedwali zima. Ukaguzi unaofanya kazi kila unapochapa herufi hugeuza fumbo kuwa mchezo wa kujaribu alfabeti, na ustadi wa kupima neno kwa neno jingine haujengeki. Uzime, kisha ukague pale tu unapokuwa umekamilisha pembe nzima ya jedwali na una sababu ya kushuku.

Hatua ya 6: Ukikwama, liache

Hili halina tofauti ya karatasi na skrini, isipokuwa kwamba kwenye skrini unapaswa kusimamisha kipima muda, au kukificha kabisa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mimi hutumia kalamu ya wino kwa sababu hunilazimisha kufikiri kabla ya kuandika. Je, ni kosa?

Jibu: Si kosa, na hoja yako ina nguvu katika jedwali ambalo kila herufi hukatizwa. Ila andika kwanza maneno yenye shaka pembezoni mwa ukurasa, na uyaingize baada ya kuthibitishwa na angalau neno moja linalokatiza.

Swali: Je, ritifaa ya NG'OMBE hupewa mraba wake?

Jibu: Kwa kawaida huachwa. Hesabu miraba: ikiwa sita, andika N, G, O, M, B, E. Herufi za CH, SH na NG nazo hugawanywa, kila moja katika mraba wake.

Swali: Nilikutana na jibu ambalo haliwezi kuenea isipokuwa mraba mmoja ubebe herufi kadhaa. Kwenye karatasi nilizibana, lakini mtandaoni programu inakubali herufi moja tu.

Jibu: Ni mtego wa makusudi wa mtungaji, na hapa karatasi ina faida iliyo wazi. Mtandaoni tafuta kitufe cha kuingiza herufi nyingi, ambacho mara nyingi kimewekwa katika menyu ya ziada. Programu nyingine hukubali herufi ya kwanza peke yake.

Swali: Nataka kuongeza kasi. Nifanyie mazoezi wapi?

Jibu: Itategemea utapimwa wapi. Kibodi humwongezea kasi mtu anayechapa vizuri, kwa kuwa kishale huruka chenyewe hadi mraba unaofuata, kwa hiyo usilinganishe muda wako wa skrini na ule wa karatasi. Katika shindano la American Crossword Puzzle Tournament, lililoanza mwaka 1978, washiriki hujaza kwa mkono kwenye karatasi, na anayefanya mazoezi ya skrini pekee huchelewa pale jicho linapotakiwa kusafiri kati ya kidokezo na mraba bila kuonyeshwa njia kwa rangi.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mafumbo ninayoyapenda yako mtandaoni tu, nami macho huchoka upesi.

Jibu: Marahaba. Chapisha. Chagua faili la PDF badala ya kupiga picha ya skrini, ili mistari na namba zibaki kali, na jedwali la 21 kwa 21 lipewe ukurasa wake peke yake, vidokezo vikae kwenye ukurasa wa pili. Hakikisha pia kwamba ukurasa wa suluhisho haumo katika kurasa ulizoagiza kuchapishwa.