Namna ya Kuusoma Utenzi wa Beti 3,000

Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, unaosimulia Vita Kuu ya Pili ya Dunia tangu 1939 hadi 1945, una beti zipatazo 3,000 za vipande vinne vinne. Wengi huupima unene wake kwa macho wakaurudisha kabatini. Nawasihi wasifanye hivyo, kwa kuwa utamu wake umo katika urefu huohuo.

Ughani kwa sauti, hata ukiwa peke yako chumbani, kwa maana utenzi ni mali ya sikio kabla ya kuwa mali ya jicho. Kila kipande kina mizani nane, yaani silabi nane. Zihesabu kwa kugonga meza kwa kidole katika beti tano za mwanzo. Baada ya hapo pumzi yenyewe itajua pa kutua. Vipande vitatu vya kwanza huchangia kina kimoja, yaani huishia kwa sauti ileile, na cha nne hurejea kwenye kina cha bahari, ambacho kwa kanuni ya utenzi hakibadiliki tangu mwanzo hadi tamati. Katika beti kumi, kina hicho ni pambo tu. Ukifika ubeti wa 800, huku majeshi yakisonga na miji ikianguka, utajikuta unakisubiri kabla hakijatamkwa, na kila kinaporejea moyo hutulia kidogo, vita vikiwa bado havijaisha. Raha hiyo haipatikani katika shairi fupi, hata liwe zuri namna gani.

Jiwekee beti 30 kwa siku. Hazimalizi nusu saa, nawe utahitimu kwa siku 100. Usiziruke beti za ufunguzi kwa haraka ya kuifikia vita, kwani humo ndimo sikio linapoizoea bahari. Neno gumu lipigie mstari kwa penseli, uendelee, kisha ufungue kamusi baada ya kumaliza fungu la siku. Ramani ya dunia ukutani itakusaidia sana.

Ukikosa siku kadhaa, usianze upya: rudia beti kumi za mwisho ulizosoma, mwendo utakurudia.

Afadhali zaidi mkiwa wawili. Pokezaneni beti, na mkishazoea, mmoja aghani vipande vitatu anyamaze, mwenzake amalizie cha nne.