Kurudi kwenye Safari Ndefu za Baiskeli Baada ya Kuvunjika Mtulinga

Mtulinga, ule mfupa mwembamba unaounganisha bega na kidari, ni miongoni mwa mifupa inayovunjika mara nyingi zaidi mwendesha baiskeli anapoanguka, kwa sababu anayerushwa kutoka kwenye siti hutua ama kwa bega ama kwa kiganja alichokitanguliza, na kishindo chote hupitia hapo. Kwa kawaida mfupa huu huunga vizuri. Kinachoharibika mara nyingi ni marejeo, kwani pumzi na nguvu za miguu hurudi mapema, ilhali mfupa, kano na misuli midogo ya bega huchukua muda mrefu zaidi. Mtu anayepima kupona kwake kwa pumzi atafika Bagamoyo bila shida, kisha atagundua kwamba bega lake halikuwa tayari kumrudisha Dar es Salaam. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, nami namsihi akubali tangu mwanzo kwamba atakwenda kwa mwendo wa kiungo kinachochelewa kuliko vyote.

Siku za mwanzo

Kabla ya kulifikiria bega, hakikisha hakuna jeraha kubwa zaidi lililojificha nyuma ya maumivu yake. Aliyepoteza fahamu hata kwa muda mfupi, anayetapika, anayesahau kilichotokea au ambaye kichwa kinazidi kumuuma anapaswa kupelekwa hospitali mara moja, hata kama kofia yake ngumu inaonekana nzima. Vivyo hivyo kwa anayepumua kwa shida, kwa kuwa mbavu iliyovunjika inaweza kutoboa pafu, na kwa aliyepigwa tumboni na ncha ya usukani, ambaye bandama au ini linaweza kuvuja damu ndani kwa ndani huku ngozi ikionyesha alama ndogo tu. Michubuko ioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni mpaka mchanga wote utoke, na uulizie chanjo ya pepopunda ikiwa hukumbuki ulichomwa lini.

Ikiwa ajali ilihusisha gari, bodaboda au bajaji, utahitaji fomu ya polisi, PF3, kutoka kituo kilicho karibu. Ndugu au rafiki aifuatilie wakati wewe unahudumiwa, kwa maana matibabu ya dharura hayapaswi kuisubiri karatasi. Hospitali yenye mashine ya eksirei itatosha kuonyesha mtulinga uliovunjika. Ukivunjika vipande, ukipandana sana au ukikaribia kutoboa ngozi, unaweza kupewa rufaa ya kwenda kwa daktari bingwa wa mifupa, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, ili aamue kama unahitaji kufungwa vyuma.

Kiungo kimoja kinasahaulika mno, nacho ni kifundo cha mkono. Ukiangukia kiganja, bonyeza kile kishimo kilicho chini ya dole gumba. Kikiuma, mwambie daktari waziwazi, kwa sababu kuna mfupa mdogo hapo ambao ufa wake huenda usionekane kwenye picha ya kwanza, na mara nyingi hulazimu mkono ufungwe kwa tahadhari na picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14. Mfupa huo una mishipa michache ya damu na usipotibiwa unaweza kushindwa kuunga kabisa. Mwendesha baiskeli huuegemea kwa saa nyingi kila safari, kwa hiyo usikubali kuambiwa umeteguka tu kabla hajaupima.

Wiki za kuunga

Kwa mtu mzima, mtulinga huchukua takriban wiki 6 hadi 12 kuunga, na miezi kadhaa zaidi kurudia uimara wake. Mkono huning'inizwa kwa kitambaa kwa wiki kati ya 2 na 6 hivi, kulingana na ulivyovunjika na maelekezo ya daktari. Katika kipindi hicho, vaa shati ukianza na mkono mgonjwa na uvue ukimalizia nao. Lala ukiwa umeinuliwa mgongo kwa mito. Ndoo ya maji ya lita 20 iache ibebwe na mwingine. Ukilazimika kupanda daladala, subiri lenye kiti, kwa sababu dereva akifunga breki ghafla utadaka bomba la juu kwa mkono wowote ulio karibu bila kufikiri.

Vidole, kifundo na kiwiko vichezeshwe tangu siku za mwanzo ili visikakamae. Bega lenyewe lina zamu zake, na hapa ndipo mtaalamu wa fiziotherapia anapostahili kila shilingi utakayomlipa. Kwa kawaida huanza na kuinama na kuuachia mkono uning'inie na kuzunguka taratibu kwa uzito wake, kisha kutembeza vidole ukutani kwenda juu, kisha kusukuma ukuta bila kiungo kusogea, na uzito mdogo huja mwisho, baada ya picha kuonyesha mfupa mpya umejengeka. Misuli inayoshikilia bapa la bega mgongoni ndiyo itakayokubeba katika saa ya nne ya safari, hivyo usiyaache mazoezi yake kwa sababu tu hayatoi jasho.

Kula vizuri. Wengi hupunguza chakula kwa hofu ya kunenepa, na mwili unaojenga mfupa unakosa vifaa. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao hutoa protini na kalisi kwa pamoja, na maharage, mayai, samaki na mboga za majani hukamilisha kazi. Sigara huchelewesha mfupa kuunga. Hilo halina mjadala.

Dawa za maumivu zinahitaji kauli kali zaidi. Diklofenaki na ibuprofeni hupatikana kirahisi katika maduka ya dawa, lakini ukizimeza ili uweze kuendesha unamziba mdomo mlinzi pekee uliye naye, yaani maumivu yenyewe, na ukizichanganya na jua na upungufu wa maji mwilini unaziweka figo zako hatarini. Ikiwa huwezi kuendesha bila kidonge, siku yako bado.

Baiskeli ya ndani, na baiskeli iliyoanguka

Miguu haina sababu ya kukaa bure miezi miwili. Daktari akiruhusu, na mara nyingi huruhusu wiki chache baada ya ajali, unaweza kutumia baiskeli ya mazoezi ya jimu ukiwa umekaa wima, mkono mgonjwa ukiwa kwenye kitambaa chake, bila kuegemea usukani. Washa feni, chagua gia nyepesi, na ulenge mizunguko ya pedeli 85 hadi 90 kwa dakika kwa nusu saa. Tahadhari ni ileile: hapa utajisikia imara upesi sana, na uimara huo ni wa moyo na mapaja.

Wakati huo mpelekee fundi baiskeli yako. Foku na fremu zikaguliwe kama zina ufa au zimepinda, hasa pale bomba za fremu zinapokutana na shingo ya usukani. Ringi zizungushwe, spoku zibonyezwe moja moja, breki zijaribiwe. Fremu ya kaboni inaweza kuwa na ufa chini ya rangi nzima, kwa hiyo usiiamini kwa macho tu. Kofia ngumu iliyogonga chini imemaliza kazi yake na inunuliwe nyingine. Ukiwa kwa fundi, mwombe apandishe usukani kidogo na kuusogeza karibu, ili uzito uhame kutoka mikononi kwenda kwenye makalio. Utaurudisha ulipokuwa baadaye, polepole.

Majaribio kabla ya lami

Picha ikionyesha mfupa umeunga na daktari akatoa ruhusa, nenda kwenye uwanja mtupu kabla ya kwenda barabarani. Je, unaweza kufunga breki zote mbili kwa nguvu, ghafla, bila bega kukataa? Je, unaweza kuinua gurudumu la mbele kuvuka kijiti? Kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto, magari yanayokupita hutokea kuliani, hivyo lazima uweze kugeuza kichwa juu ya bega la kulia bila baiskeli kuyumba. Aliyevunjika mtulinga wa kulia atapata shida ya kugeuka na kunyoosha mkono kuashiria. Aliyevunjika wa kushoto atashangaa kuona kwamba mkono huohuo mgonjwa ndio unaobaki peke yake kwenye usukani wakati wa kulia unaashiria. Asiyeweza haya uwanjani hataweza mbele ya basi la mkoani.

Barabara za kuanzia

Safari za kwanza ziwe za dakika 30 hadi 45, alfajiri ya Jumapili, kwenye lami laini. Ukanda wa Masaki na Oysterbay unafaa, ukimalizia kwenye Daraja la Tanzanite. Jihadhari na matuta na mchanga unaokusanyika pembeni mwa lami baada ya mvua, kwa maana mtikisiko ndio adui wa bega jipya kuliko umbali. Wakati wa masika ni bora kubaki ndani: mashimo hufichwa na maji, na kuanguka tena juu ya mfupa ambao haujakomaa, hasa uliofungwa vyuma, ni balaa jingine kabisa.

Bega likizoea, jambo la kuzingatia ni upepo. Wengi wetu tunaipenda Barabara ya Bagamoyo, lakini katika miezi ya kusi upepo hukusukuma kwenda kaskazini na kukupa moyo usiostahili, kisha unakungoja usoni kuanzia Mapinga hadi Tegeta wakati mikono tayari imechoka. Kwa anayerejea, napendekeza Kigamboni katika miezi hiyo: ukipita Mjimwema kuelekea Kimbiji unaanza na upepo wa mbele ukiwa na nguvu, na unarudi ukisukumwa. Kaskazi inapovuma, geuza mpango. Pugu na Kisarawe ziachwe nyuma kabisa ya orodha, kwa sababu kupanda mlima humfanya mtu auvute usukani, na kushuka humlazimu afunge breki, na yote mawili hulemea mtulinga.

Pima kwa muda badala ya kilomita, na uongeze jumla ya wiki kwa takriban asilimia 10, ukipunguza kila wiki ya nne. Ongeza kitu kimoja tu kwa wakati: ama muda, ama milima, ama ubovu wa barabara. Kigezo cha maumivu kinachotumiwa na wataalamu wengi ni rahisi: katika kipimo cha 0 hadi 10, maumivu yasiyozidi 3 wakati wa safari na yaliyokwisha kufikia asubuhi inayofuata yanavumilika, yakizidi hapo au yakilala nawe, rudi kwenye kiwango cha wiki iliyopita. Ganzi katika kidole kidogo mara nyingi hutokana na mshipa wa fahamu unaobanwa kiganjani, kwa hiyo badilisha mahali pa kushika kila baada ya dakika 10 hivi.

Usisahau joto. Baada ya wiki za kukaa ndani, mwili hupoteza mazoea ya jua la Dar es Salaam na huhitaji siku 10 hadi 14 za kulizoea upya. Jipime uzito kabla na baada ya safari. Kila kilo iliyopotea ni takriban lita moja ya maji. Dafu lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, hivyo kwa anayetoka jasho kwa saa tatu halitoshi bila chumvi kidogo ya ziada.

Watu wengi hunitajia Jonas Vingegaard, mwendesha baiskeli wa kulipwa aliyeanguka nchini Hispania mwezi Aprili 2024, akavunjika mtulinga na mbavu kadhaa na kuumia pafu, kisha akamaliza wa pili katika mashindano ya baiskeli ya Tour de France ya mwaka huohuo mwezi Julai. Ni kweli, na ni jambo la kustaajabisha. Lakini alikuwa na kikosi kizima cha wataalamu wa kumwangalia kila siku, na aliendesha kwenye barabara zilizofungwa magari. Kalenda yake haiwezi kuwa yako.

Kwenda Kibaha na kurudi, kama kilomita 80 kutoka katikati ya jiji, ni mtihani mzuri wa kwanza wa safari ndefu. Ondoka kabla ya jua, uwe na mwenzako mmoja, na bega likinyamaza hadi siku ya pili, jaribu Bagamoyo wiki mbili baadaye. Kundi kubwa linaloendesha gurudumu kwa gurudumu lisubiri angalau miezi mitatu tangu ajali, na mzunguko wa Msata na Chalinze, ambao kipande cha Bagamoyo hadi Msata peke yake ni kilomita 64, uwekwe mwisho, baada ya Bagamoyo kukamilika zaidi ya mara moja bila kidonge. Kwa safari hiyo ya kwanza ya Kibaha, kubaliana na mtu mwenye gari atakayeacha simu yake wazi, na mpange mapema mahali pa kukatishia ili uamuzi usiachiwe uchovu.