Zawadi za paredi: msiwasahau waliopanda

Shule nyingi za sekondari huwapongeza watatu bora wa kila kidato, na mara nyingi ni walewale kila muhula. Ongezeni tuzo ya aliyepanda zaidi. Mwalimu wa taaluma achukue wastani wa mtihani wa muhula uliopita, autoe kwenye wastani wa muhula huu, kisha apange kwa tofauti. Kutoka 31 hadi 44 bado ni D, lakini ni alama 13, na hiyo ni kazi kubwa kuliko ya aliyetoka 78 hadi 80.

Kuna mtego hapa. Mwanafunzi aliyekosa karatasi mbili muhula uliopita kwa ugonjwa na kuwekewa sifuri ataonekana amepaa. Linganisheni masomo aliyoyafanya mara zote mbili tu, na msichanganye jaribio la wiki na mtihani wa muhula.

Majina ya vyeti yatoke kwenye rejesta, si kichwani mwa mwalimu wa darasa. Tumieni karatasi ngumu ya gramu 160 hadi 200. Mkuu wa shule asaini na kugonga muhuri kabla ya laminesheni, maana wino haushiki vizuri juu ya plastiki, unafutika kwa kidole.

Mbao za matangazo nazo zina nafasi: kiranja wa maktaba, bweni safi, timu ya netiboli. Picha za muhula uliopita zibanduliwe. Zikishapauka hakuna anayesimama kuzitazama.