Rendang ya nyama ya ng'ombe: inachemka kwanza, inakaangika mwisho

Watu wengi wakipika rendang nyumbani wanaishia katikati ya safari. Nyama imeiva, mchuzi wa nazi umekuwa mzito, una rangi nzuri ya chungwa, jikoni kunanukia, basi wanazima jiko wanapakua. Ni kitamu, sikatai, ila hicho bado sio rendang. Wenye chakula chao, Waminangkabau wa Sumatra Magharibi kule Indonesia, hicho wanakiita kalio, na kabla ya hapo kikiwa majimaji wanakiita gulai. Ukiendelea kukipika mpaka mchuzi wote unyweke kwenye nyama na kila kitu kiwe cheusi cheusi cha kahawia ndo unapata rendang. Sufuria ile ile, nyama ile ile, viungo vile vile, kinachobadilika ni masaa tu. Na hata jina lenyewe linasema hivo, kwa Kiminang ni randang, na marandang ni kile kitendo cha kupika taratibu huku unageuza mpaka kikauke, kwa hiyo rendang ni namna ya kupika kabla ya kuwa jina la chakula.

Ndo maana mwaka 2018 watu wa Indonesia na Malaysia waliwaka sana pale jaji wa shindano moja la mapishi kwenye televisheni ya Uingereza alipolalamika kwamba ngozi ya kuku wa rendang haijakauka ikawa ya kumong'onyoka. Kitu kimetokoswa kwenye tui masaa, ngozi itakaukaje! Mimi niliwaelewa kabisa.

Kabla hujawasha jiko elewa kwanza kinachotokea mle ndani, maana ukishaelewa hutahitaji kuangalia saa kila dakika. Mapishi mengi ya nyama yanaanza na kukaanga, alafu unatia maji unaacha itokote. Hapa ni kinyume chake. Unaanza na tui jingi, nyama inatokota humo kwenye joto la nyuzi 100 hivi na haliwezi kupanda zaidi maana maji bado yapo, na hiyo ni nzuri kwa sababu zile nyuzi ngumu na utando mweupe wa nyama vinahitaji joto la wastani kwa muda mrefu ili vilainike viwe kama ute. Maji yakiisha kinachobaki ni mafuta ya nazi yaliyojitoa yenyewe kwenye tui, na mafuta yanaweza kupanda juu ya 100 vizuri tu, sasa nyama ambayo ilikuwa inachemka inaanza kukaangika bila wewe kuongeza tone la mafuta. Ile rangi nyeusi, ile harufu ya nazi iliyokaangwa, ule utamu ambao mtu anadhani umetia sukari, vyote vinatoka hapo mwishoni. Ukizima mapema umefanya kazi yote ukaacha malipo.

Sasa nyama. Chukua kilo 1 ya muundi, bega au kidari, yani nyama yenye utando na mafuta kidogo ndani yake. Steki laini isiyo na mafuta usiichukue hata kama ni nzuri, baada ya masaa matatu itakuwa kavu kama kamba. Kata vipande vikubwa, sentimita 4 mpaka 5 kila upande. Mimi mara ya kwanza nilikata vidogo nikidhani vitaiva haraka, kufika mwisho sufuria nzima ilikuwa nyuzi nyuzi, ladha ipo lakini huoni kipande. Vitanywea sana, kwa hiyo usiogope kuviona vikubwa mwanzoni.

Tui, hapa usibane. Kama unakuna nazi mwenyewe tumia nazi 3 kubwa, kamua upate tui zito na tui la pili, jumla ifike lita moja na robo hivi. Kama ni la kopo, makopo mawili ya mililita 400 yenye mafuta kamili na uongeze mililita 400 za maji. Yale ya kopo yaliyopunguzwa mafuta hayafai kabisa hapa, kumbuka hayo mafuta ndo utakayokaangia mwishoni, ukiyakosa mchuzi utashika chini na kuungua badala ya kukaangika.

Viungo vya kusaga ni vitunguu vidogo vyekundu gramu 200 (ukikosa tumia vitunguu maji viwili), vitunguu saumu punje 6, tangawizi kipande cha sentimita 3, manjano mbichi ukubwa wa kidole au unga wake kijiko kimoja cha chai, na pilipili ndefu nyekundu 10 mpaka 15. Kwa Waminang pilipili ni nyingi kweli, sio kwa ajili ya kuwasha tu, ndo mwili wa mchuzi wenyewe, kwa hiyo kama unaogopa ukali toa mbegu lakini usipunguze idadi. Kuna kingine kinaitwa lengkuas, galangali, mzizi unaofanana na tangawizi ila una harufu kali zaidi kidogo kama ya msonobari, huo nao sentimita 4. Ukiukosa usiongeze tangawizi kuziba nafasi, ni ladha mbili tofauti, bora uendelee bila.

Vya kutia vizima ni mchaichai mabua 3 uyapondeponde upande mweupe na kuyafunga fundo, majani 5 ya mlimau purut (ule wenye malimau yenye makunyanzi), na jani moja la mmea wa manjano kama unalipata. Hili jani la manjano ndo linaloitambulisha rendang ya Padang, mji mkuu wa Sumatra Magharibi, harufu yake haifanani na ya mzizi wake. Alafu mdalasini kijiti kimoja, karafuu 4, iliki 4, na vile viungo vyenye umbo la nyota viwili. Mbegu za giligilani kijiko kikubwa kimoja, zikaange kavu kidogo uzisage. Kwa uchachu wao wanatumia asam kandis, maganda ya tunda yaliyokaushwa, wewe ukwaju kidogo wa ukubwa wa ncha ya kidole gumba unatosha. Chumvi vijiko viwili vya chai kwa kuanzia na usizidishe mapema, mchuzi wote huu utakauka na chumvi itabaki pale pale.

Saga vile vya kusaga viwe laini, ukitumia blenda isaidie kwa tui badala ya maji.

Chombo kizuri ni karai, pana na zito, kwa sababu uwazi mkubwa unatoa mvuke haraka. Sufuria ndefu nyembamba itakutesa, chini inaungua juu bado maji. Injika karai, mimina tui lote, tia viungo vyote vya kusaga na vizima, washa moto wa kati na uanze kukoroga. Hapa usiondoke. Tui likichemka bila kukorogwa linakatika, linakuwa chengachenga, na kwa hatua hii hatutaki bado. Wapishi wa Minang wanachota kwa upawa na kumimina tena juu juu, wanachota na kumimina, mpaka lichemke vizuri. Wako wanaokaanga viungo kwanza kwenye mafuta, utaona hivo sana kwenye mapishi ya Malaysia, nako ni sawa, ila mimi nimejaribu zote na ile ya kuanza na tui moja kwa moja naona inatoa ladha iliyoshikana zaidi.

Liache litokote nusu saa, lipungue kidogo na lianze kung'aa juu, ndo utie nyama na chumvi na ukwaju. Kuna sababu ya kuchelewesha nyama: chakula hiki kinapikwa masaa mengi na ukiitia mwanzo kabisa inaweza kuchambuka kabla mchuzi haujakauka. Shusha moto, usifunike, koroga kila baada ya dakika kumi ukigusa chini kwa mwiko. Saa moja na nusu ya kwanza ni rahisi, unaweza kufanya shughuli nyingine ukiwa karibu. Hiyo ndo gulai.

Kuelekea saa ya pili tangu nyama iingie utaona mchuzi umekuwa rojo, unashika mgongo wa mwiko, rangi imetoka njano imekuwa chungwa, na pembeni vidimbwi vya mafuta mekundu vinaanza kujitokeza. Hapa ni kalio. Onja nyama, inatakiwa ichomwe na uma kwa urahisi lakini isimeguke. Kama bado ngumu na mchuzi unakauka ongeza kikombe cha maji ya moto, hakuna ubaya wowote. Kama nyama tayari ni laini sana na mchuzi bado mwingi, toa nyama pembeni, kausha mchuzi peke yake, alafu uirudishe. Mdalasini na mchaichai vitoe sasa hivi maana baadae vitakusumbua kwenye kugeuza.

Na sasa ile saa ya mwisho, ambayo ndo naandika yote haya kwa ajili yake. Moto uwe mdogo kabisa. Sauti itabadilika, utasikia kutoka kwenye ile ya kububujika nzito inakwenda kwenye kuchirizika kama mtu anakaanga kitu, ukisikia hivo jua maji yameisha na mafuta yameshika kazi. Tui sasa limekatika kabisa na safari hii ndo tunachotaka, mafuta upande mmoja na chenga za nazi na viungo upande mwingine. Zile chenga ndo zinabadilika rangi, chungwa, kahawia, kahawia iliyokolea, na wenyewe wanaziita dedak, kuna watu wanagombania hizo kuliko nyama. Geuza kila dakika mbili tatu, sio kukoroga kwa nguvu, unapitisha mwiko chini, unanyanyua na kulaza ili vipande visivunjike. Ukiona ukoko wa kahawia chini ukwangue uuchanganye, una ladha. Ukiona mweusi na harufu chungu usiukwangue, hamishia kila kitu kwenye chombo kingine uache huo ukoko ulipo, chakula kinapona kabisa. Kosa linaloharibu rendang nyingi liko hapa, mtu amechoka, masaa matatu amesimama, anaongeza moto ili amalize. Chenga zinaungua nje kabla hazijakaangika ndani na uchungu wake hauondoki. Kama umechoka zima jiko, pumzika, hata kesho yake endelea (ikishapoa iweke kwenye friji), haitaharibika ladha.

Utasimama wapi? Pale nyama imevaa koti zito la viungo, hakuna mchuzi unaotiririka ukiinamisha karai, na mafuta yanang'aa kidogo. Kwangu inachukua masaa manne kwa jumla. Mafuta yakiwa mengi kuliko unavyopenda yachote uyaweke, ni mazuri kwa kukaangia mayai au wali.

Kama tui lako lilikuwa jepesi na mwisho unaona chenga hakuna, kuna mbinu ya Malaysia inaitwa kerisik: nazi iliyokunwa unaikaanga kavu mpaka iwe kahawia alafu unaitwanga kwenye kinu mpaka itoe mafuta na iwe kama uji mzito. Vijiko vitatu unavitia dakika ishirini za mwisho. Waminang wa asili hawaitegemei ila inaokoa.

Kula na wali mweupe, basi. Kwenye migahawa ya Padang inakaa mezani pamoja na majani ya muhogo yaliyochemshwa na pilipili ya kijani iliyopondwa, na siku za Idi wanakula na lemang, wali wa kunata uliopikwa na tui ndani ya mwanzi.

Usiile yote siku hiyo hiyo. Ilitengenezwa kukaa, Waminang wana desturi ya merantau, vijana wanatoka kwao kwenda kutafuta maisha mbali, na rendang iliyokaushwa vizuri ni chakula cha kufunga kwenye mzigo wa safari. Sisi wenye friji tuitumie tu, inakaa siku nne tano bila shida na kwenye friza miezi mitatu, na siku ya pili viungo vimeingia ndani zaidi. Ukipasha usitie maji wala tui jipya, weka kwenye kikaango kikavu moto mdogo, funika dakika chache, mafuta yake yatayeyuka na yataipasha yenyewe.