Somo: Kukusanya rekodi za mwanzo za Jelly Roll Morton (piano peke yake, 1923 na 1924)

Wakuu, salaam. Somo hili ni la anayetaka kumkusanya Jelly Roll Morton akiwa peke yake kwenye piano, kabla hajawa jina kubwa la kampuni ya Victor. Wengi tunamjua kwa Red Hot Peppers ya 1926, na bendi ile ni tamu kweli, lakini mkono wake wa kushoto unausikia vizuri zaidi kwenye santuri za kampuni ya Gennett. Nitakwenda hatua kwa hatua. Ya kwanza ndiyo watu huiruka, halafu wanapoteza hela.

Hatua ya 1: Jua unachokitafuta

Morton alizaliwa New Orleans karibu mwaka 1890, na kabla ya kuingia studio alikuwa ameshazunguka sehemu kubwa ya Marekani akipiga piano. Kwa hiyo usitafute rekodi za ujana wake. Anapoanza kusikika mwaka 1923 tayari ni fundi aliyeiva.

Juni 1923 alirekodi Chicago kwa ajili ya kampuni ya santuri ya Paramount akiwa na kundi dogo. Julai 17 na 18 alikuwa Richmond, Indiana, kwenye studio ya Gennett. Hapo ndipo penye kiini cha somo hili, tukae kidogo.

Studio ile ilikuwa ndani ya eneo la kiwanda cha piano cha Starr, bondeni karibu na mto, na reli ilipita jirani kiasi kwamba treni ikija kazi inasimama mpaka iishe kupita. Maikrofoni hakuna. Sauti iliingia kwenye pembe kubwa, ikatikisa sindano, sindano ikachora nta. Ukisikia besi nyembamba na noti za juu zimefifia, usimlaumu Morton wala usiilaumu piano. Pembe uwezo wake uliishia hapo.

Katika siku hizo mbili alirekodi nyimbo sita za piano tupu: King Porter, New Orleans Joys, Grandpa's Spells, Kansas City Stomp, Wolverine Blues na The Pearls. Siku hizohizo alipiga pia na New Orleans Rhythm Kings, bendi ya Wazungu, na kikao hicho ni kati ya vya mwanzo kabisa vya jazi kuwachanganya weusi na weupe studioni. Na hii ni Indiana ya miaka ambayo Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, walikuwa na nguvu kubwa katika jimbo hilo.

Juni 1924 alirudi Richmond akaongeza nyingine, zikiwemo Shreveport Stomp, Jelly Roll Blues na Perfect Rag. Mwishoni mwa mwaka huo akarekodi Chicago na King Oliver, mpiga koneti (aina ya tarumbeta), piano na koneti tu, kwa lebo ndogo ya Autograph.

Sasa chukua daftari. Kila wimbo uandikie tarehe, kampuni na namba ya santuri. Kwa mfano Gennett 5289 ina King Porter upande mmoja na Wolverine Blues upande wa pili. Tarehe ni muhimu kwa sababu Morton alirudia nyimbo zake. King Porter peke yake ipo ya Gennett 1923, aliyopiga na Oliver 1924, ya kampuni ya Vocalion 1926, ya Library of Congress (Maktaba ya Bunge la Marekani) 1938 na ya kampuni ya General 1939. Muuzaji akikuandikia "King Porter, rekodi halisi" bila tarehe, hajakuambia kitu.

Hatua ya 2: Sikiliza bure kwanza

Kwa sheria ya Marekani, rekodi za sauti zilizotoka 1923 ziliachiwa kwa umma Januari 1, 2024, na za 1924 zikafuata Januari 1, 2025. Kwenye Internet Archive kuna maelfu kwa maelfu ya santuri za mizunguko 78 kwa dakika zilizowekwa kidijitali. Tafuta wimbo mmoja, usikilize nakala mbili tatu zilizotoka kwenye santuri tofauti. Utashangaa jinsi zinavyotofautiana kwa kasi, makwaruzo na uzito wa sauti.

Anza na Grandpa's Spells. Subiri ufike nusu ya pili, pale mkono wa kushoto unapoacha kupiga noti moja moja na kuiangukia besi kwa kishindo, noti kadhaa kwa mpigo. Nakala nzuri itakupa kishindo chenye umbo, na chini yake unasikia mapigo hayajayumba. Nakala mbovu inakupa kelele tupu. Mimi nakala yoyote ya Morton naipima hapo kwanza.

Hatua ya 3: Tenganisha rekodi na visivyo rekodi

Mtego mkubwa ni roli za piano. Mwaka 1924 Morton alitengeneza roli za karatasi zenye matundu, ambazo baadaye zilichezwa kwenye piano za kisasa na kurekodiwa upya. Zinauzwa na "1924" kubwa kwenye jalada. Sauti ikiwa safi, ya stirio, bila mkwaruzo hata mmoja, hiyo ni roli. Si haramu kuwa nayo, ila sauti unayoisikia ni ya piano nyingine iliyorekodiwa miaka mingi baadaye, na nguvu ya kidole chake karatasi haikuibeba vizuri.

LP na CD za marudio ni halali kabisa, na kwa wengi wetu zinatosha. Angalia tu kama jalada linataja tarehe za kurekodi na aliyehamisha sauti kutoka kwenye santuri. Lisipotaja, acha.

Hatua ya 4: Ukiamua kununua santuri yenyewe

Omba picha tatu: lebo ya kila upande, mifereji ikiwa imemulikwa taa kwa pembeni, na eneo tupu linaloizunguka lebo, ambako kuna namba ya matrisi, yaani namba ya utambulisho wa rekodi yenyewe. Mifereji iliyolika huonekana ya kijivu, na kijivu hakioshwi. Ufa mfupi wa ukingoni unavumilika kama haujafika kwenye muziki. Ule wa kutoka ukingoni hadi lebo utaongeza "tak" kila mzunguko, na hauponi.

Santuri za Paramount zinasifika kwa ubaya wa malighafi, hata nakala ambayo haikuguswa hutoa mlio kama wa maji yanayochemka ikichezwa. Usilipie bei ya Gennett safi.

Mwombe muuzaji aibane kati ya makadibodi magumu, kisha aiweke katikati ya boksi kubwa lenye vijazio pande zote. Shelaki, malighafi ya santuri hizi, ikidondoka inapasuka kama sahani ya udongo. Ushuru wa forodha uliza kabla hujalipa.

Hatua ya 5: Kuosha, kucheza, kuhifadhi

Osha kwa maji yaliyochujwa na matone machache ya sabuni ya vyombo, lebo isilowe. Spiriti usiiguse kabisa, inayeyusha shelaki.

Sindano ya LP ina ncha ya takriban mikroni 25 au chini ya hapo. Ya santuri hizi inatakiwa karibu mikroni 75. Ukitumia ya LP inaogelea chini ya mfereji ikikusanya vumbi na kelele. Unganisha katriji kwa mono, mkwaruzo mwingi utapungua hapohapo.

Jambo jingine ni RIAA, kipimo cha kusawazisha sauti za santuri. Amplifaya za santuri huongeza besi na kupunguza sauti za juu kwa kipimo kilichoanza kutumika miaka ya 1950. Santuri ya pembe ya 1923 haikurekodiwa kwa kipimo hicho, kwa hiyo ukiiacha hivyo piano inasikika imefunikwa blanketi. Kwenye Audacity, programu ya bure, unaweza kuondoa marekebisho hayo. Hifadhi faili ghafi kwanza bila kusafisha chochote, ndipo usafishe nakala yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Babu alituachia gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na bado inalia. Naweza kuchezea Gennett humo?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Inaweza, lakini usifanye hivyo. Kichwa chake ni kizito, na sindano ya chuma ilitengenezwa kutumika upande mmoja tu kisha itupwe. Watu wakiirudia, inasaga mifereji. Gramafoni ya babu ichezee santuri zilizojaa mtaani.

Swali: Mkuu, kuna jamaa anauza Gennett yenye lebo nyeusi na dhahabu, anasema ni toleo la 1923. Nimpe hela?

Jibu: Hapana. Gennett ya kawaida ya 1923 ina lebo ya buluu. Hiyo nyeusi na dhahabu ilikuja baadaye, walipoanza kurekodi kwa umeme. Mwombe picha ya namba ya matrisi, akikataa endelea na safari yako.

Swali: Zile za 1938 za Library of Congress zina ulazima? Si za mwanzo.

Jibu: Kwa tarehe si za mwanzo, kweli. Mei 1938 Alan Lomax, mkusanyaji wa muziki wa asili, alimkalisha kwenye piano huko Washington, Morton akawa anasimulia na kupiga jinsi muziki wa New Orleans ulivyokuwa ujanani mwake. Ukimaliza Gennett, hizo ndizo ufunguo wake. Chukua toleo la Rounder la 2005, CD nane, ambalo kasi yake imerekebishwa. Matoleo ya zamani mengi yana matatizo ya kasi.

Swali: Sisi tulikuwa na Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Dar es Salaam Jazz. Kuna undugu wowote na huyu mzee?

Jibu: Undugu upo, ila umepitia Cuba. Bendi zetu zilijifunza mengi kwenye santuri za Kicuba za mfululizo wa GV, zilizofika Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1930. Morton naye alimwambia Lomax kwamba jazi isiyo na chembe ya Kihispania haijakolea. Sikiliza New Orleans Joys: mkono wa kushoto unapiga habanera, mdundo wa Havana, mkono wa kulia unapiga bluzi. Anayeijua rumba hapo hahitaji mkalimani.

Swali: Nimecheza King Porter kwa mizunguko 78 kamili lakini gitaa langu halikubaliani nayo. Tatizo ni gitaa?

Jibu: Huenda ni kasi. Wakati ule 78 ilikuwa makadirio, santuri nyingi za pembe zilirekodiwa juu au chini yake. King Porter inaanza kwenye A flati na kumalizikia D flati. Kama unaisikia nusu toni juu ya hapo, punguza kasi kwa karibu asilimia 6, yaani mizunguko minne na kitu. Kama imezidi kidogo tu, punguza robo mzunguko kwa robo mzunguko mpaka A flati ya gitaa na ya piano zikae pamoja, kisha andika kasi hiyo kwenye jina la faili.