Somo: Ni matumizi gani binafsi yanayopunguza kodi ya mapato?

Ndugu zangu, kila msimu wa kujaza ritani, ile fomu ya kodi ya mapato, mimi huletewa mfuko wa risiti na mtu aliyeambiwa, "Wewe weka zote, zitakatwa kwenye kodi." Tunazipekua moja moja: viatu, dawa, mafuta ya gari, chakula cha mchana. Nyingi zinarudi mfukoni. Mwenyewe anaondoka ameinamisha kichwa, nami namwonea huruma, maana hakuna aliyewahi kumfundisha jinsi ya kuichambua gharama. Leo tuifanye kazi hiyo pamoja.

Hatua ya 1: Elewa maana ya kukatwa

Gharama inayokubalika huondolewa kwenye mapato kabla kodi haijapigwa. Hurudishiwi pesa uliyotumia. Tuseme umetumia 100,000 na kipande cha juu cha mapato yako kinatozwa asilimia 30. Kodi yako itapungua kwa 30,000, na zile 70,000 zimetoka mfukoni mwako moja kwa moja. Kwa hiyo usinunue kitu usichokihitaji eti kwa sababu "kinakatwa".

Nafuu ya kodi ni jambo jingine. Yenyewe hutolewa kwenye kodi iliyokwisha kupigwa, hivyo nafuu ya 10,000 inakuokolea 10,000 kamili. Watu huyachanganya haya mawili, kisha hesabu zinawagomea.

Hatua ya 2: Uliza pesa ilitoka kwa ajili gani

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Wengi hujiuliza, "Je, ningeweza kufanya kazi bila kitu hiki?" Bila kula huwezi kufanya kazi, bila nguo huwezi, bila usingizi huwezi. Hata hivyo chakula, nguo na kitanda ni mahitaji yako kama binadamu, uwe na kazi usiwe nayo. Sheria inataka kujua kama pesa ilitumika ili kuzalisha yale mapato yanayotozwa kodi.

Uingereza kuna kesi maarufu ya mwaka 1983, Mallalieu dhidi ya Drummond. Wakili mwanamke aliomba akatiwe gharama ya nguo nyeusi alizolazimika kuvaa mahakamani, nguo ambazo nje ya kazi asingezichagua kabisa. Alishindwa. Mahakama ya juu ilisema nguo hizo zilimsitiri na kumpa joto pia, kwa hiyo hazikuwa za kazi peke yake. Joho na wigi la uwakili vingekuwa habari nyingine, kwa kuwa hakuna anayejisitiri kwa wigi. Ndiyo maana sare, kofia ngumu ya ujenzi au viatu vya usalama hukubalika mahali pengi, lakini suti nzuri ya ofisini haikubaliki.

Safari ya nyumbani hadi kazini nayo huwasumbua wengi. Katika nchi nyingi ni yako binafsi, kwa hoja kwamba umechagua mwenyewe pa kuishi. Safari ya kutoka kazini kwenda kwa mteja ni ya kazi. Lakini usidhani ni hivyo kila mahali: Ujerumani mfanyakazi huruhusiwa kiasi fulani kwa kila kilomita ya umbali kati ya nyumbani na kazini.

Hatua ya 3: Zilizochanganyika, zigawe

Simu moja, matumizi mawili. Chukua orodha ya simu za mwezi mmoja wa kawaida, shika kalamu, tia alama kwenye kila simu ya kazi. Zikiwa 60 kati ya 150, hiyo ni asilimia 40, na ndicho kiasi cha kudai. Karatasi hiyo yenye alama itunze, kwani mkaguzi akiuliza asilimia 40 umeitoa wapi, jibu lako ni hilo.

Chumba vilevile. Fundi cherehani mwenye chumba cha kushonea cha mita za mraba 12 katika nyumba ya mita 60 anaanzia asilimia 20 ya umeme na kodi ya pango. Marekani, aliyejiajiri lazima kwa kawaida chumba hicho akitumie kwa kazi tu na mara kwa mara. Ukiweka kitanda cha wageni humo, umejiharibia.

Hatua ya 4: Angalia milango ambayo sheria ya nchi yako imefungua

Zipo gharama za kibinafsi kabisa ambazo serikali imeamua kuzipunguzia mzigo: michango ya pensheni, misaada kwa taasisi zilizosajiliwa, matibabu, riba ya mkopo wa nyumba. Kenya inaruhusu riba ya nyumba unayoishi mwenyewe, kwa kikomo. Uingereza ilifuta nafuu ya aina hiyo mwaka 2000. Marekani, matibabu huhesabiwa kwa sehemu inayozidi asilimia 7.5 ya mapato tu, tena kwa anayeorodhesha gharama zake moja moja. Soma kanuni za mwaka husika, si za mwaka jana.

Hatua ya 5: Risiti

Nyingi huchapwa kwa joto na hufifia. Ipige picha siku hiyohiyo, na uandike ilikuwa ya kazi gani.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, namlipia mdogo wangu ada ya chuo. Inakatwa?*

Kwa kawaida hapana, labda sheria ya kwenu itaje nafuu ya elimu. Kozi yako mwenyewe ya kunoa kazi unayoifanya sasa ina nafasi kubwa zaidi. Kozi ya kukuingiza kwenye kazi mpya mara nyingi hukataliwa.

*Nimeajiriwa, nilinunua kompyuta ya kazi kwa pesa yangu.*

Dada, kwanza mwombe mwajiri akurudishie. Kwa mwajiriwa milango ni michache kuliko kwa aliyejiajiri. Marekani, kwa mfano, waajiriwa wengi hawadai tena gharama kama hizo kwenye kodi ya shirikisho tangu mwaka 2018.

*Je, faini ya barabarani nikiwa napeleka mzigo wa mteja?*

Hapana. Mzigo ulikuwa wa kazi, ila kosa halipunguziwi kodi.

*Nalipa mkopo wa gari la biashara. Nidai marejesho yote?*

Usifanye hivyo, kaka. Marejesho ya mkopo wenyewe si gharama, unarudisha pesa ya watu. Dai riba, na uchakavu wa gari kwa kanuni za nchi yako. Gari likitumika pia Jumapili na familia, rudi hatua ya 3: andika kilomita kwenye daftari kila safari, kuanzia leo.

*Risiti zangu zililowa mvua.*

Omba nakala kwa wauzaji, kisha uziambatanishe na taarifa ya benki. Taarifa ya benki peke yake inaonyesha kwamba ulilipa, haionyeshi ulinunua nini.